Wanafunzi wengi, wasimamizi wachache: tuwapeleke wapi wanaosomea udaktari?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni muuguzi mwalimu, mzaliwa wa Bukoba, na sasa ni mratibu wa mafunzo kwa vitendo katika chuo kimoja cha udaktari magharibi mwa Uganda. Darasa letu la mwaka wa tatu limeizidi hospitali yetu. Raundi ya asubuhi imekuwa mkutano wa hadhara: mgonjwa mmoja, wanafunzi ishirini, na walio nyuma wanachezea simu. Mkuu wa kitivo anataka tusaini mikataba na hospitali kumi zaidi kabla ya muhula ujao. Mbili nilizozitembelea zimeniambia wazi kwamba wanafunzi ni mzigo. Isitoshe, wengi wa wanafunzi wetu ni Watanzania na Wakenya wasiojua Kinyankole, lugha ya wagonjwa wa hapa. Tuongeze vipi nafasi bila kutoa madaktari wa karatasi? Na je, wasimamizi wa huko tuwalipe?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Hiyo mikataba kumi isikuharakishe. Nimeiona ya namna hiyo kwenye mafaili ya vyuo, ina mihuri na sahihi zote, huku wanafunzi wakiendelea kubanana kwenye wodi ile ile kwa kuwa hakuna aliyekwenda kuhesabu kule kuna nini. Na unapokwenda kuhesabu, vitanda viache. Kwa hesabu yangu, nafasi moja ya mafunzo ni mtu mwenye ujuzi, aliye zamu, anayeweza kumtazama mwanafunzi akimpima mgonjwa kisha akamweleza alipokosea. Hospitali ikiwa na vitanda mia tatu na watu wawili wa aina hiyo, ina nafasi chache kuliko kituo kidogo chenye watano.

Chukua kituo cha afya cha daraja la nne, ambacho kwa mfumo wa Uganda ndicho cha ngazi ya chini kabisa kinachotakiwa kuwa na daktari na chumba cha upasuaji. Tuseme orodha ya watumishi inaonyesha madaktari wawili, maofisa tabibu watatu na wakunga sita. Ni watu kumi na mmoja. Sasa toa walio likizo, toa waliolala baada ya zamu ya usiku, toa aliyekwenda kujiendeleza kimasomo, kisha mtoe yule aliyeko kwenye warsha (nchi hii haijawahi kukosa warsha). Asubuhi ya kawaida utabaki na watu wanne. Kila mmoja mpe wanafunzi wawili, usizidishe. Daktari akiitwa kwenye upasuaji wa dharura, wawili wake wanaingia naye na waliobaki wanaendelea. Ungepata wanane; mimi ningeandika sita, ili siku mtumishi mmoja akiugua mambo yasivunjike. Chuo kikipeleka kumi na watano hapo, tisa watakuwa watalii.

Hesabu hii ifanye mwenyewe, tena siku ambayo hukuaga kuwa unakuja. Orodha iliyobandikwa ukutani huwa imepitwa na wakati, na siku hizi imepitwa zaidi: Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, watumishi wengi waliokuwa wakilipwa na miradi waliondoka kwenye kliniki za VVU, na wagonjwa wao wakaanza kuhudumiwa pamoja na wagonjwa wengine wa nje. Kituo kilichokuwa na wasimamizi wa kutosha miaka michache nyuma huenda leo kina nusu yao, na foleni ndefu zaidi.

Kabla hujatoka nje ya geti la hospitali yenu, hesabu na humo ndani. Nakuhakikishia utakuta nafasi zilizolala. Vyuo vyetu vimezoea kuona mafunzo ni wodi, na wodi ni saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana. Wakati huohuo kliniki ya wagonjwa wa nje inawaona wagonjwa wengi kwa siku moja kuliko wodi inavyowaona kwa wiki, na mwanafunzi hayupo. Akina mama wanajifungua usiku, na mwanafunzi amelala hosteli. Kliniki ya wajawazito, ya watoto chini ya miaka mitano, ya kisukari na shinikizo la damu, ya kifua kikuu, chumba cha vidonda: kila moja ingeweza kuchukua wanafunzi wawili wawili kwa wiki mbili. Ukigawa darasa kwa zamu tatu badala ya moja, na kwa idara zote badala ya wodi nne kubwa, ile raundi ya watu ishirini inapungua hata kabla hujasaini mkataba wowote. Zamu za usiku zina masharti yake: chumba cha kupumzikia chenye kufuli, chakula, na usafiri. Mwanafunzi asipande bodaboda saa nane za usiku kwa sababu ya ratiba uliyoiandika wewe.

Sasa twende nje. Wazo la kumtoa mwanafunzi hospitali kuu si geni hapa kwetu. Shule ya udaktari ya Makerere, iliyoanza katika hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1924, iliingiza mafunzo ya jamii katika mtaala wake mpya mwaka 2003. Chuo Kikuu cha Mbarara kilianzishwa mwaka 1989, na tangu mwanzo kilitilia mkazo kazi za vijijini. Chuo Kikuu cha Gulu wanafundishia pia hospitali ya Lacor, hospitali ya kanisa iliyokuwapo miongo mingi kabla ya chuo chenyewe. Mwaka 2010 zilikuja fedha za Marekani kwa elimu ya udaktari Afrika, na Makerere, Mbarara, Gulu, Kampala International na Busitema wakaungana katika mpango ulioitwa MESAU kuimarisha mafunzo hayo. Kwa hiyo vituo vilivyokwisha kuzoea wanafunzi vipo, na pengine kimoja kiko jirani yako. Waulize wenzako wa vyuo hivyo kabla ya kuanza upya, na muulize kila kituo kama kuna chuo kingine kimekwisha kupanga wiki zilezile. Vyuo viwili kugongana kwenye wodi moja ni jambo la kawaida, na hakuna anayemwambia mwenzake.

Ninachokilaumu katika utaratibu wetu wa miaka yote ni ufupi wa muda. Mwanafunzi anakwenda wiki nne, wiki ya kwanza anatafuta maji na kitanda, ya pili anajua majina ya wauguzi, ya tatu anahesabu vyoo na vyandarua vya kijiji kwa ajili ya ripoti, ya nne anafunga mizigo. Na hapo ndipo ilipo siri ya zile hospitali mbili zilizokuambia wanafunzi ni mzigo. Wamesema kweli. Mwanafunzi mgeni humpunguzia mganga kasi: kila mgonjwa huchukua dakika zaidi, kila fomu hukaguliwa mara mbili. Akikaa, mambo yanageuka. Kufikia wiki ya tano au ya sita anachukua historia ya mgonjwa vizuri, anatoa damu, anasafisha vidonda, anafuatilia majibu ya maabara, anaandika barua ya rufaa msimamizi akaisaini. Sasa anarudisha muda aliouchukua. Sisi tunamwondoa wiki ya nne, tunamleta mgeni mwingine, na hospitali inabaki inalipa gharama bila kuonja faida hata siku moja.

Kwa hiyo badala ya hospitali kumi kwa wiki nne nne, mimi ningechukua tatu, kwa wiki kumi na mbili au zaidi, wanafunzi wachache kila mahali. Australia walijaribu hili mapema: Chuo Kikuu cha Flinders, kuanzia 1997, kilipeleka baadhi ya wanafunzi kukaa mwaka mzima wa mafunzo katika miji midogo ya Riverland, wakijifunza magonjwa ya watoto, uzazi na upasuaji kwa pamoja kadiri wagonjwa walivyokuja, badala ya idara moja moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 katika jarida la tiba la Uingereza, BMJ, ulionyesha kwamba mitihani yao waliifanya vizuri kuliko wenzao waliobaki hospitali kuu. Afrika Kusini, Chuo cha Stellenbosch kilianza jambo la jamii hiyo mwaka 2011 katika mji wa Worcester na hospitali za wilaya zinazouzunguka. Najua utaniambia Australia si Bushenyi ya huko kwenu magharibi, na ni kweli: madaktari wa kule wanalipwa kufundisha, na wana mashine ambazo sisi tunazisoma vitabuni. Lakini kilichofanya kazi pale hasa ni mwanafunzi kukaa na msimamizi mmoja na kumwona mgonjwa yuleyule akirudi, na hilo halihitaji mashine.

Kuna magonjwa ambayo hatayaona huko. Kiharusi chenye picha ya kichwa, saratani inayotibiwa kwa mionzi, figo zinazosafishwa kwa mashine, hayo yabaki ya hospitali ya rufaa. Kwa upande mwingine, hospitali ya rufaa inampa mwanafunzi picha potofu ya nchi yake. Pale anamwona mtoto wa malaria aliyekwisha kupata degedege na upungufu mkubwa wa damu. Kituoni anamwona mtoto huyohuyo siku ya kwanza ya homa, mama akiwa bado anacheka, na anapaswa kuamua. Uamuzi huo ndio atakaoufanya kila siku atakapokuwa daktari wa wilaya.

Wasimamizi. Hapa nitawaudhi baadhi ya madaktari wenzangu. Kama utasubiri madaktari bingwa wawe walimu wa wanafunzi wako wote, utasubiri sana, maana wamejazana Kampala na miji michache. Mkunga mzoefu wa kituo cha daraja la tatu anajua kuzalisha kuliko daktari aliyemaliza chuo juzi, na ofisa tabibu anayewaona watoto sitini kwa siku anajua kupumua kwa mtoto mwenye nimonia bila kushika saa. Hao ndio walimu ulio nao. Wape mafunzo mafupi ya namna ya kufundisha, siku mbili zinatosha, palepale kituoni. Wafundishe jambo moja hasa: kumwangalia mwanafunzi kwa dakika kumi bila kumkatiza, kisha kumwambia kilichokwenda vizuri na cha kurekebisha. Wape barua ya chuo inayowatambua kama wakufunzi, na majina yao yaonekane kwenye tovuti ya chuo. Halafu waambie wanafunzi wako, kwa ukali unaostahili, kwamba mkunga ni mwalimu wao. Mwanafunzi wa mwaka wa nne anayemwamuru mkunga wa miaka ishirini kazini atakufungia kituo hicho peke yake.

Kitabu cha kumbukumbu za kazi kipunguze. Vyuo vingi vinadai mwanafunzi ajaze taratibu mia na zaidi, na sote tunajua vinavyojazwa: Jumapili jioni ya wiki ya mwisho, kwa kalamu moja, sahihi zote zikifanana. Dai chache, mathalani mara ishirini alizotazamwa kweli, kila moja ikiwa na sentensi mbili za msimamizi. Sentensi hizo ni ngumu kuzighushi, na ukizisoma utajua nani anafundisha na nani anatia sahihi tu.

Lugha umeiuliza na wasiwasi, mimi naiona na nafasi ndani yake. Kwanza tatizo: mwanafunzi wa Mwanza au Kisumu akisimama mbele ya bibi wa Kinyankole hachukui historia, anakisia. Muuguzi akimtafsiria, muuguzi ameacha kazi yake. Wapange wawili wawili, mmoja anayejua lugha ya pale na mmoja asiyejua, lakini angalia yule mwenyeji asigeuzwe mkalimani wa kudumu; kila mmoja awe na wagonjwa wake wa kuwajibika nao, na anayekalimani leo kesho akalimaniwe mahali pengine. Wiki ya kwanza chuoni, kabla hawajatoka, wafundishe Kinyankole cha kitandani: unaumwa wapi, tangu lini, umetapika, mimba ina miezi mingapi. Wanaweza.

Kisha nafasi. Kuna sehemu za Uganda ambako Kiswahili ndicho kinachomfikia mgonjwa, na wanafunzi wako Watanzania na Wakenya watakuwa na manufaa kuliko wenzao Waganda. Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe, hospitali inapokea Wakongo. Nakivale kule Isingiro kuna wakimbizi kutoka Kongo na Burundi ambao wengi wao hawajui Kinyankole pia. Kyangwali na Kyaka ni vilevile, na Arua, upande wangu wa nchi, Kiswahili kimezungumzwa sokoni na kambini tangu zamani za babu zetu. Vituo vya makazi ya wakimbizi vina wagonjwa wengi na mara nyingi vina upungufu wa mikono. Ila jua kwamba makazi hayo yako chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, kwa hiyo ruhusa ya wilaya peke yake haitoshi. Omba na huko mapema. Na usiwapeleke wa mwaka wa tatu. Mtu aliyekimbia vita ana mengi zaidi ya homa, na anayemsikiliza anahitaji kukomaa kidogo.

Ruhusa kwa jumla ndizo zinazokwamisha watu. Chuo cha serikali kiko chini ya Wizara ya Elimu, hospitali ya rufaa ya mkoa iko chini ya Wizara ya Afya, na hospitali za wilaya pamoja na vituo vya daraja la nne viko chini ya serikali za wilaya. Mganga mkuu wa kituo anaweza kukukaribisha kwa mikono miwili, lakini mwenye mamlaka ya kuifunga wilaya kwa mkataba ni ofisa mkuu wa utawala wa wilaya, akishauriwa na ofisa wa afya wa wilaya. Hospitali za dini zina bodi zao na ofisi za afya za dayosisi, na kwa uzoefu wangu hizo huamua haraka zaidi na hudai mambo yaeleweke zaidi. Baraza la madaktari nalo lijulishwe kuhusu vituo vipya kabla ya ukaguzi, lisivigundue siku ya ukaguzi. Kwa wanafunzi wako wa nchi jirani jambo hili ni zito zaidi, maana mabaraza ya Afrika Mashariki hukagua vyuo kwa pamoja, na mwanafunzi aliyefundishwa mahali pasipotambuliwa anaweza kupata taabu ya usajili akirudi kwao.

Usalama wao usiuachie kituo. Chanjo ya homa ya ini aina ya B ni dozi tatu na kwa ratiba ya kawaida huchukua miezi sita kukamilika, kwa hiyo ianze mwaka wa kwanza au wa pili, si wiki ya kuondoka. Kila mwanafunzi ajue ni nani wa kumpigia simu akichomwa na sindano, na dawa za kinga ya VVU zipo wapi usiku. Zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Mwaka 2022, Ebola ya aina iitwayo Sudan ilipotangazwa Mubende, miongoni mwa waliokufa alikuwa daktari Mtanzania aliyekuwa hapa akisomea uzamili wa upasuaji. Mkataba wako useme wazi nani anaamua kuwaondoa wanafunzi mlipuko ukitokea, na kwa gari la nani.

Midoli ya mazoezi na simu nitavitaja kwa kupita. Mdoli wa kumfufua mtoto mchanga asiyepumua ni wa bei nafuu, na kila mwanafunzi aushike kabla ya kuingia chumba cha kujifungulia. Ila mdoli hauna mama anayelia. Makundi ya WhatsApp yanafaa kwa kujadili wagonjwa na bingwa aliye mbali. Picha za wagonjwa zikatazwe kabisa humo. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha tangu 2019, na wanafunzi wengi hawajawahi kuisikia.

Jambo moja mkuu wako wa kitivo hatalipenda. Ukishahesabu ndani na nje, zamu zote, ukapata kwamba una nafasi mia na kumi na darasa lina mia na themanini, jibu ni kupokea wanafunzi wachache mwaka unaofuata. Mpelekee jedwali lako la wasimamizi, aone tarakimu mwenyewe. Ada ya wanafunzi sabini waliozidi inaingia leo, na ukaguzi utakuja baadaye.

Kuhusu malipo, ndiyo, lipa, lakini fikiri unalipa nini. Fedha taslimu kwa kituo cha serikali huweza kuchukua safari ndefu kufika kituoni, kama zinafika. Fedha taslimu mkononi kwa mkubwa mmoja huleta chuki kati yake na mkunga anayefanya kazi yenyewe. Mimi hupendelea vitu, vikiandikwa kwenye mkataba kwa idadi. Cha kwanza ni glavu. Bohari Kuu ya Dawa ya Entebbe hupeleka mizigo kila baada ya miezi miwili, na kituo huagiza kwa kukadiria wagonjwa. Wanafunzi wako sita wakizitumia, mwezi wa pili mkunga anazalisha kwa mikono mitupu na anajua ni kwa sababu ya nani. Chuo kilete glavu zake, barakoa zake na masanduku ya kutupia sindano, zaidi ya zile wanafunzi watakazotumia. Baada ya hapo nyumba ya wanafunzi yenye sola, ambayo kituo kitaitumia mkiwa likizo. Wasimamizi wenyewe wapewe posho ndogo ya usimamizi kwa wiki, sawa kwa wote bila kujali cheo, kupitia simu, kwa orodha iliyobandikwa ubaoni ili kila mtu aone kiasi cha mwenzake. Na sahihi ya ofisa mkuu wa utawala iwe mkononi mwako kabla hujanunua hata godoro moja.